Kabla hujabofya, mwulize aliye karibu

Mara ya mwisho ulipopata barua pepe iliyokutia wasiwasi, ulimwonyesha nani?

Wengi wetu, ndugu zangu, hatukumwonyesha mtu. Tuliisoma wenyewe, ndani ya daladala au kitandani usiku, na tukaamua wenyewe. Wapo walioifuta na maisha yakaendelea. Wapo waliobofya. Na kati ya waliobofya, wamo ambao mpaka leo hawajamwambia mume, mke wala rafiki, kwa sababu hakuna apendaye kuchekwa kwamba kaingizwa mjini.

Naandika leo kuomba jambo moja, nalo halihitaji utaalamu wala bando kubwa: tuulizane. Mambo ya nywila na viungo nitayafikia, maana yana umuhimu wake. Lakini tapeli wa barua pepe, kabla hajataka fedha yako, anataka kwanza vitu viwili: uwe na haraka, na uwe peke yako. Haraka ni vigumu kuizuia kwa maneno ya gazetini. Upweke tunaweza kuuondoa wenyewe, nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi.

Tuanzie barua hizi zinapotoka. Umejisajili kwenye duka la mtandaoni ili ununue viatu vya mtoto. Wiki haijaisha, kikasha chako kimefurika: mikopo ya haraka, dawa za kupunguza tumbo, bahati nasibu ya nchi ambayo hujawahi kuikanyaga. Anwani yako imefikaje huko?

Mara nyingine ni wewe uliyeruhusu bila kujua. Chini ya fomu palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kuwekwa alama ya vema, na maandishi madogo kwamba unakubali kupokea matangazo ya kampuni pamoja na "washirika wake". Washirika hao hawatajwi. Mara nyingine tovuti imeiuza orodha ya wateja wake. Na mara nyingine haikuuza chochote. Ilivunjwa, orodha ikaibwa.

Je, unaikumbuka anwani yako ya kwanza? Kwa watu wa rika langu, wengi waliifungulia intaneti kafe, wakilipia kwa dakika, na ilikuwa ya Yahoo. Mwaka 2013 wezi waliingia Yahoo. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikiri kwamba akaunti zote zilizokuwapo wakati ule, bilioni 3, ziliguswa. Adobe nayo ilivunjwa mwaka huohuo wa 2013. Taarifa za LinkedIn zilizoibwa mwaka 2012 zilikuja kuuzwa mtandaoni mwaka 2016, zikiwa na nywila za watu zaidi ya milioni 100. Basi usishangae sana anwani yako kuwa mikononi mwa mtu usiyemjua. Hukufanya kosa lolote.

Ukitaka kujua kama ya kwako imo, kuna tovuti iitwayo Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mtaalamu wa Australia, Troy Hunt. Unaandika anwani yako tu, bila nywila, nayo inakuonyesha iliwahi kuonekana katika wizi upi. Ni bure. Jibu likija na orodha ndefu, usitaharuki. Wenye anwani za siku nyingi karibu wote wamo.

Tabia yenyewe ya kutumia watu matangazo wasiyoyaomba ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mei 3, 1978, mwuza kompyuta wa Marekani, Gary Thuerk, wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti. Anwani zao alizitoa kwenye kitabu cha orodha kilichochapishwa. Watu walikasirika sana. Mwenyewe amesimulia kwamba kompyuta ziliuzika.

Na hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Kutuma ni karibu bure. Barua zikienda kwa watu milioni moja wakajibu wachache tu, mtumaji kafaidi. Hakukuchagua wewe. Hakujui. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu barua nyingi zimeandikwa kana kwamba mtumaji amekuwa akikufuatilia wewe binafsi tangu asubuhi.

Sasa, matangazo ya kampuni halali ni kero tu, na kero hiyo ina dawa. Kampuni unayoijua, uliyonunua kwake au uliyojisajili kwake, bofya palipoandikwa "jiondoe". Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo wanazitaka kampuni zinazotuma barua nyingi, zaidi ya 5,000 kwa siku, ziweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na ziitekeleze ndani ya siku mbili.

Kwa usiyemjua, mambo ni tofauti. Usijiondoe, usijibu, usimtukane. Kila ukigusa kitu ndani ya barua yake unamwambia kwamba anwani hii ina mtu. Iweke alama ya barua taka, basi. Ukifanya hivyo unamsaidia na jirani yako, kwa sababu mfumo unajifunza kutokana na alama zetu sote.

Kwa kinga, jipatie anwani ya pili. Moja iwe ya benki, kazi, serikali na familia. Nyingine ya maduka, michezo na tovuti za kupita tu. Wenye Gmail wana ujanja mwingine mdogo: ukiandika jinalako+duka@gmail.com, barua zitafika kwenye kikasha chako kilekile cha jinalako@gmail.com. Siku matapeli wakianza kukuandikia kwa anwani yenye "+duka", utajua ni nani aliyeivujisha.

Hapa sina budi kulisemea suala la steshenari. Hapo ndipo Watanzania wengi wanapopata anwani yao ya kwanza siku hizi, na sijaona tukilizungumza vya kutosha.

Picha yake unaijua. Mama kaja kufuatilia TIN ya biashara yake, au binti kamaliza kidato cha sita anaomba mkopo Bodi ya Mikopo, au kijana anaomba kazi kwenye mfumo wa ajira serikalini. Fomu inadai barua pepe.

"Mama, una imeili?"

"Sina mwanangu, nitengenezee."

Foleni ni ndefu, mashine ya fotokopi inanguruma. Kijana anaandika upesi. Nywila anaweka ileile anayowawekea wateja wote, ili wakirudi wamesahau aweze kuwasaidia. Mfumo unapodai namba ya simu ya kurejesha akaunti, anaweka yake, maana simu ya mama iko kwenye chaji nyumbani. Fomu inatumwa, karatasi inachapwa, mama analipa na kuaga kwa shukrani.

Simlaumu yule kijana hata kidogo. Amemhudumia mama yetu kwa heshima, na bila yeye wengi wangekwama. Lakini tazama kilichobaki nyuma. Anwani ile ni ufunguo uliobaki kwa fundi baada ya nyumba kwisha. Aliye nayo anaweza kwenda kwenye mfumo wowote mama alikojisajili, akabofya "nimesahau nywila", na barua ya kuweka nywila mpya ikamfikia yeye. Hata kama kijana ni mwaminifu kabisa, kompyuta yake inatumiwa na kila apitaye.

Basi ninyi vijana wa steshenari, nawaombeni mtusaidie kwa hatua moja zaidi. Mwache mteja aandike nywila yake kwa mkono wake, hata kama anachelewesha foleni. Weka namba yake ya simu, si yako. Kama hana simu, arudi nayo. Mwandikie anwani kwenye kikaratasi aondoke nacho. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa, na mkimaliza utoke kwenye akaunti mbele yake. Mteja atakuona mtu wa maana, atawaleta na wenzake.

Na sisi wateja je? Tufike na simu mkononi, na nywila tumekwisha kuifikiria. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, yaliyoungana, ni magumu kuyakisia kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. La muhimu ni kwamba nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote. Tovuti ya viatu ikivunjwa, mwizi atachukua anwani na nywila aliyoikuta humo, na kwa programu ataijaribu kwenye kila mlango mwingine. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili mtu akiwa na nywila yako bado akwame bila simu yako.

Tuitazame sasa barua ya hadaa yenyewe. Huja hivi:

"Ndugu mteja, mzigo wako umezuiliwa kutokana na upungufu wa taarifa za anwani. Tafadhali hakiki taarifa zako na ulipie ada ya Sh 2,300 ndani ya saa 12. Baada ya hapo mzigo utarudishwa kwa mtumaji." Chini yake kuna kitufe cha buluu: Hakiki sasa.

Unaona ilivyo na adabu? Haina makosa ya tahajia. Zamani tuliambiana kwamba barua ya tapeli utaijua kwa lugha mbovu. Ushauri huo umepitwa na wakati, maana siku hizi programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili kilichonyooka, na tapeli aliye bara lolote anaweza kuzitumia.

Halafu angalia ile ada. Sh 2,300! Nani atakosa usingizi kwa hela hiyo? Na ndiyo sababu imewekwa ndogo. Hawataki Sh 2,300 zako. Wanataka uandike namba za kadi ya benki, tarehe ya mwisho wa kadi na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukishaziandika, kiasi kinachofuata wanakipanga wao.

Nawe kweli uliagiza viatu wiki iliyopita. Ndiyo maana barua inakupata. Inawezekana wameipata orodha ya duka, inawezekana wamebahatisha tu, kwa kuwa katika watu milioni wapo maelfu wanaosubiri mzigo.

Ufanye nini? Gusa jina la mtumaji uione anwani kamili. Jina laweza kuandikwa lolote. Mtu anaweza kujiita "Huduma kwa Wateja" huku anwani yake ikiwa herufi zilizovurugika za tovuti usiyoijua. Hata anwani inaweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie hapo. Bonyeza kiungo kwa kukishikilia bila kuachia, simu ikuonyeshe kinakokwenda.

Kukisoma kiungo kuna kanuni yake, na inafaa kumfundisha mtoto wa darasa la saba. Tuseme kimeandikwa benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com, kikafuatiwa na mkwaju (/) na mlolongo wa herufi. Jicho linakimbilia mwanzoni, linaona benki, linatulia. Mwenye nyumba yuko mwishoni, kabla tu ya mkwaju wa kwanza: hakiki-akaunti.com. Hayo ya mbele ni mapambo, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz, na za Kenya .go.ke; fomu inayojiita ya serikali huku inaishia na kitu kingine inastahili kuulizwa maswali.

Na kama huna subira ya kusoma viungo, ipo njia fupi. Usikibofye kabisa. Funga barua, fungua programu ya benki au ya duka mwenyewe, au piga namba iliyoko nyuma ya kadi yako. Kama kweli kuna tatizo, utalikuta huko. Namba ya siri, na zile tarakimu za mara moja zinazokuja kwa ujumbe mfupi, hazisomwi kwa mtu, awe nani.

Mnaukumbuka ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Uliwaliza watu wengi. Leo watu wanautania, wameufanyia vichekesho, na hata bibi kijijini akiupata anacheka. Ulipunguaje nguvu? Naamini ni kwa sababu tulisimuliana. Uliongelewa vijiweni, redioni, kwenye vikao vya harusi, mpaka kila mtu akaujua kwa moyo. Barua pepe hazijapata bahati hiyo kwa sababu tunazisoma kimya na kuzinyamazia.

Ipo moja inayonyamaziwa kuliko zote, na nitaisema waziwazi kwa sababu inawatesa watu. Mtu anapata barua isemayo: "Nimeingia kwenye simu yako. Nywila yako ni hii." Na nywila iliyoandikwa pale ni yake kweli! Barua inaendelea kudai kwamba kamera ya simu imemrekodi akitazama mambo ya aibu, na kwamba asipolipa kwa bitcoin ndani ya siku mbili, video itatumwa kwa jamaa zake wote.

Fikiria mtu mzima, mwenye heshima zake, labda ni mwalimu au mzee wa kanisa au imamu, anayeisoma hiyo saa sita usiku. Atamwambia nani?

Ndugu yangu uliyeipata, nisikilize. Barua hizo zimesambazwa duniani kwa wingi tangu mwaka 2018. Nywila ile imetoka kwenye zile orodha zilizoibwa nilizozitaja juu, na ndiyo maana aghalabu ni nywila yako ya zamani. Barua ya namna hiyo, iliyotumwa kwa maelfu kwa mpigo, haina video nyuma yake. Ina nywila ya zamani na vitisho tu. Usilipe, usijibu. Kama nywila ile bado unaitumia popote, ibadilishe leo. Na umwambie mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu hofu ile ukibaki nayo peke yako itakufanya ulipe.

Mambo ni mengine ikiwa mtu anayekutisha kakuonyesha picha halisi, au ni mtu uliyekuwa ukizungumza naye. Hapo usilipe vilevile, usifute ujumbe, nenda polisi nao.

Twende kazini. Kuna anayedhani kwamba wanaodanganywa ni wale ambao hawakusoma? Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la kampuni ya Taiwan inayouza vifaa vya kompyuta. Kwa barua pepe na ankara za kughushi, kampuni mbili kubwa zikamlipa zaidi ya dola milioni 100. Kampuni hizo ni Google na Facebook. Alihukumiwa Marekani mwaka 2019 kifungo cha miaka mitano.

Kama wahasibu wa Google walilipa, basi mhazini wa SACCOS yetu akilipa tusimzomee. Tumwekee utaratibu utakaomlinda.

Utaratibu wenyewe hauna gharama. Barua ikija ikisema "tumebadilisha akaunti ya benki, malipo ya sasa yaje huku", mhasibu apige simu kwa msambazaji kabla ya kulipa. Apige namba iliyomo kwenye faili la zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Bosi akiandika kutoka safarini kwamba fedha zitumwe haraka na kwa siri, bosi huyo apigiwe.

Hapa nazungumza na ninyi wakuu wa idara, wakuu wa shule, wenyeviti wa VICOBA, wachungaji na makatibu wa misikiti. Je, mtumishi wako anaweza kukupigia saa mbili usiku kuuliza, "Mkuu, hii barua ni yako kweli?" bila kukaripiwa? Kama jibu ni hapana, tapeli analijua hilo kabla yako. Anategemea uoga wa wasaidizi wako. Waambie kesho asubuhi, mbele ya wote: kuniuliza si utovu wa nidhamu. Na siku mmoja atakapouliza, mshukuru wengine wasikie.

Kuulizana nako kunataka umakini. Machi 2016 mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, John Podesta, alipokea barua iliyojifanya ya Google, ikimwambia kwamba mtu kaipata nywila yake na abofye kitufe kuibadilisha. Ofisi yake ilifanya jambo la busara: ilimwuliza mtaalamu wao wa kompyuta. Mtaalamu akajibu kwa maandishi kwamba barua ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Katika jibu lilelile alikuwa ameweka kiungo sahihi cha Google, lakini kilichobofywa kilikuwa cha mwizi. Maelfu ya barua za Podesta yakaanza kuanikwa hadharani mwezi mmoja kabla ya siku ya kupiga kura kufika, na nyingine zikiendelea kuanikwa karibu mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwa mdomo, na jibu kwa maneno mafupi: "Usibofye. Nakuja."

Sheria nazo zipo upande wetu, ingawa wengi hatujazizoea. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hiyo ya pili inakupa haki ya kuikataza kampuni isitumie taarifa zako kukutangazia biashara, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Utapeli wa simu, hapa kwetu taarifa hutumwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa namba 15040. Kenya wateja wa Safaricom huupeleka ujumbe wa kitapeli 333. Hapa kwetu, ukipiga *106# utaona pia namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ifanye mara kwa mara, maana laini usiyoijua yenye jina lako inaweza kutumika kumlaghai mwingine.

Na kama umekwisha kubofya na kuandika namba? Piga benki saa hiyohiyo wazuie kadi. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, zingine baadaye. Kisha waambie wenzako, kwa sababu tapeli akiingia kwenye akaunti yako, watakaofuata kuandikiwa ni wao, tena kwa jina lako. Ujumbe mmoja kwenye kundi la familia unatosha: "Barua ikitoka kwangu leo kuomba hela, si mimi."

Wazazi wetu wazee tuwatazame kwa upole zaidi. Mtu aliyeishi maisha yake akiamini kwamba barua yenye nembo ni barua ya kweli hawezi kubadilika kwa kufokewa. Tusimnyang'anye simu, wala tusimsimange mbele ya wajukuu. Mwambie tu: "Baba, chochote kinachosema haraka, nitumie mimi kwanza." Halafu, akituma, tafadhali mjibu. Akituma mara tatu ukakaa kimya, ya nne ataamua mwenyewe.

Watoto nao, wanaojisajili kwenye michezo kwa simu ya mama, tusiwatishe. Tukae nao mara moja, tuwaulize mchezo umeomba nini, na kwa nini mchezo wa magari unahitaji kujua namba ya simu. Wengi wataona wenyewe kwamba hapo pana kasoro.

Leo jioni, kabla ya kulala, mwombe mtu mmoja wa nyumbani kwako mkae na simu yake. Fungueni mipangilio ya akaunti yake ya barua pepe, mtazame namba ya kurejesha akaunti ni ya nani. Kama ni ya kijana wa steshenari, wekeni ya mwenyewe.